Mashimo Arobaini na Nane ya Mwalimu Theodosia

Kwa miaka kumi na saba Theodosia Ndunguru alifundisha hisabati bila kukosea na bila kukumbukwa. Aliingia darasani saa mbili na nusu, akaandika tarehe upande wa kulia wa ubao, akaandika mada katikati, akageuka. Watoto walinakili. Anasema katika miaka ile aliweza kumaliza kipindi kizima mawazo yake yakiwa mahali pengine, kwenye ukungu wa milima ya Mbinga alikozaliwa, na hakuna mtoto aliyewahi kugundua. Mawazo yao nayo hayakuwapo. Darasa zima lilikaa kama nguo zilizoanikwa, zikiwa na umbo la watu bila watu ndani.

Alikuwa mmoja wa wale walioitwa walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, waliochukuliwa baada ya darasa la saba na kufundishwa ualimu huku wakifanya kazi. Jina hilo, lililotajwa kwa dharau, lilimfuata hadi Songea mjini, kwenye shule ya msingi iliyoko upande wa Bombambili, ambako mikaratusi hupukutisha magome yake kwenye madirisha na milima ya Matogoro huonekana asubuhi kama kitu kilichochorwa na kufutwa nusu. Mwaka 1994 alipewa hisabati ya darasa la tano. Daftari la mahudhurio lilikuwa na majina hamsini na mawili. Siku zenye kipindi cha hisabati asubuhi, waliokuwapo walikuwa thelathini na wanne, mara thelathini na mmoja. Wengine walikuwa sokoni Majengo. Biashara ilikuwa imefunguliwa kila mahali. Mitumba ilishushwa sokoni, redio zililia mbele ya maduka mapya, na mtoto wa miaka kumi na miwili aliweza kukaa pale tangu asubuhi akiangalia dunia ikipita. Theodosia hakuwalaumu. Alijua kwamba kati ya ubao wake na soko la Majengo, hata yeye angechagua soko.

Mwezi Februari mwaka huo alipelekwa kwenye semina ya siku kumi katika kituo cha walimu, pamoja na Mwalimu Rupert Mbano wa darasa la sita. Rupert alikuwa mwalimu wa Daraja A, aliyesoma sekondari na chuo cha ualimu, kijana, mwenye mwandiko mzuri na matokeo mazuri. Alijaza kurasa arobaini za daftari. Theodosia aliandika mistari miwili tu, yote miwili maneno ya mkufunzi. Wa kwanza ulisema: anza na kitu ambacho mikono inakifahamu. Wa pili: uliza swali ambalo wewe mwenyewe unataka jibu lake.

Mstari wa kwanza ulikuwa rahisi. Wa pili ulimsumbua njiani kurudi nyumbani na wiki nzima iliyofuata. Alijaribu kukumbuka swali lolote aliloliuliza darasani tangu mwaka 1977 ambalo hakuwa na jibu lake mfukoni. Hakulipata. Halafu, akiwa anapepeta mchele Jumapili moja, likamjia swali ambalo hakuwa amelifikiria tangu utotoni.

Wamatengo, watu wa kwao, hulima milima mikali kwa mashimo yanayoitwa ngoro. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga juu ya ardhi katika miraba, kama madaftari yaliyofunguliwa kando kando. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kufukia nyasi zile kwa udongo. Kinachobaki ni mlima uliojaa mashimo, na kati ya shimo na shimo kuna tuta. Maharage hupandwa kwenye matuta. Mashimo huzuia maji yasikimbie na udongo. Baba yake Theodosia alipanga nyasi kwa hatua zake, na hatua zake zilikuwa ndefu. Mama yake, aliyekuwa anachimba, alinung'unika miaka yote kwamba mashimo yakiwa makubwa matuta yanapungua, na matuta yakipungua maharage yanapungua. Baba alijibu kwamba shamba ni lile lile, haliongezeki wala halipungui. Theodosia alilala utoto wake wote akiyasikia mabishano hayo upande wa pili wa ukuta. Sasa akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, mwalimu wa hisabati, alitambua kwamba hakuwahi kujua nani alikuwa sahihi.

Jumatatu alilipeleka darasa la tano kwenye mteremko ulio nyuma ya shule. Alikuwa na kamba yenye fundo kila baada ya mita mbili. Wakapima mstatili wa mita kumi na mbili kwa mita kumi na sita.

"Mnaijua ngoro?" aliuliza.

Watoto walimtazama. Walikuwa Wangoni, Wayao, watoto wa watumishi wa mjini. Mashamba ya kwao yalikuwa ya matuta marefu ya kawaida. Kitu alichodhani mikono yao inakifahamu, kilifahamika kwa mikono yake tu.

"Ni chakula, Mwalimu?" aliuliza Daimu, mwana wa fundi baiskeli, ambaye katika siku ishirini zilizopita alikuwa amehudhuria tisa.

Wakacheka. Theodosia naye akacheka, jambo ambalo watoto walilizungumza siku ile kuliko ngoro yenyewe. Akawaeleza habari za baba na mama yake, hatua ndefu, manung'uniko, ukuta. Akasema, "Sasa mimi sijui. Nataka mniambie."

Walipanga nyasi kwanza katika miraba mikubwa, mita nne kila upande. Miraba kumi na miwili. Wakapima mistari yote ya nyasi: mita mia moja ishirini na nne. Kesho yake wakaipanga upya, mita mbili kila upande. Miraba ikawa arobaini na minane. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kundi la Daimu lilisema kila mraba una mzingo wa mita nane, mara arobaini na minane, jibu ni mia tatu themanini na nne. Kundi lingine lilizunguka na kamba likapata mia mbili na ishirini. Kila upande uliwaita wenzao vipofu. Theodosia alisimama katikati ya mteremko na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakujua aseme nini, kwa kuwa hesabu ya Daimu haikuwa na kosa aliloliona.

"Mmezihesabu mara mbili," ilisema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Renatha Haule, msichana ambaye walimu wote walimwandikia "mpole" kwenye ripoti, kwa maana kwamba hawakujua sauti yake.

"Tumehesabu nini mara mbili?" alisema Daimu. "Sema vizuri, usijifiche."

Renatha aliingia ndani ya mraba mmoja, akaweka mguu wa pili ndani ya mraba wa jirani, nyasi zikapita katikati ya miguu yake. "Huu mstari ni wa huku na ni wa huku. Ni mmoja. Wewe umeupima ukiwa huku, ukaupima tena ukiwa kule."

Daimu alitazama miguu ya Renatha. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayezungumza usingizini, "Lakini Mwalimu, jana ilikuwa mia na ishirini na nne. Leo mia mbili na ishirini. Shamba ni lile lile. Hizo mita zingine zimetoka wapi?"

Upepo ulipita kwenye mikaratusi. Watoto walikaa kwenye nyasi wakifikiria mita tisini na sita ambazo hazikuwapo jana.

Usiku mvua ilitawanya nyasi. Watoto ndio waliotaka mistari isipotee tena, na njia ya kutopotea ilikuwa moja. Kesho yake walikuja na majembe. Wavulana walichimba pamoja na wasichana, kitu ambacho kingewachekesha watu wa Mbinga. Ndani ya siku nne mteremko ulikuwa na mashimo arobaini na manane. Mvua za Machi ziliyajaza maji, na asubuhi zilizotulia kila shimo lilikuwa na kipande chake cha mbingu, wingu likiondoka shimo hili na kuingia lile. Darasa la tano lilisimama juu ya mteremko kabla ya kengele, likitazama. Walipima ujazo. Walipima kivuli. Kufikia katikati ya Machi mahudhurio ya siku za hisabati yalikuwa arobaini na tisa.

Mwalimu Rupert aliona daftari la mahudhurio na akaomba mteremko kwa ajili ya darasa la sita. Alifanya kila kitu kama ilivyoandikwa katika kurasa zake arobaini: makundi ya watoto wanane, kila kundi na mwenyekiti na katibu, filimbi ya kuanza na filimbi ya kumaliza. Watoto wake walipima kidogo, kisha wakageuka kuitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake.

"Nimefuata hatua zote," alimwambia Theodosia ofisini. "Wako wanagombana. Wangu wananisubiri mimi."

"Wewe jibu unalo."

"Sasa niende darasani sina jibu?"

"Mimi nilienda."

Rupert alicheka kidogo. "Ndiyo maana wanasema UPE," alisema, lakini bila ukali, na akakaa akizungusha kalamu yake mezani.

Taabu haikutoka ofisini. Ilitoka kwenye beseni la kufulia. Aurelia Haule, mama yake Renatha, alikuwa na genge la mitumba Majengo. Kwa siku nne mfululizo alifua sketi ya bluu yenye udongo mwekundu magotini.

"Umelimishwa wapi?" aliuliza.

"Hatukulima, mama. Tulikuwa na hisabati."

"Hisabati ya jembe?"

"Ndiyo."

"Ya shamba la nani?"

Renatha alisema, "La mwalimu," akimaanisha mwalimu aliyewapeleka.

Aurelia aliijua shule ya namna hiyo. Yeye mwenyewe aliiacha akiwa darasa la sita, akiwa amepalilia mahindi ya walimu watatu na hajui kujumlisha sehemu. Siku zile hakuna mzazi aliyethubutu kuuliza. Sasa nyakati zilikuwa zimebadilika, watu walisema mambo yao wazi, na mzazi aliyetoa mchango wa shule aliona ana haki ya kujua mtoto anafanya nini. Alikwenda kwa Mzee Kajetani Gama, mwenyekiti wa kamati ya shule, akapiga goti, akasema shikamoo, kisha akasema kwamba mwalimu mmoja Mmatengo anawalimisha watoto wa watu shamba lake na kuliita hisabati.

Kamati ilifika Ijumaa, watu watano pamoja na mwalimu mkuu. Mzee Gama alikuwa mkulima tangu azaliwe. Alishuka mteremko polepole akikanyaga juu ya matuta, akainama hapa, akaparura udongo kwa fimbo pale. Alikuwa akitafuta mche. Mahindi, maharage, hata karanga. Alimaliza safu zote sita na kurudi juu akiwa na uso uliochanganyikiwa.

"Umepanda nini humu, Mwalimu?"

"Sijapanda kitu, Mzee."

"Unapanda lini?"

"Sikukusudia kupanda."

Wajumbe walitazamana. Kama angekuwa amepanda mahindi wangejua la kumwambia. Lilikuwa kosa la zamani, lenye adhabu inayojulikana. Lakini ardhi iliyochimbwa vizuri hivi, katikati ya Machi, ikaachwa tupu, lilikuwa jambo ambalo hawakuwa na neno lake.

"Sasa mashimo yote haya ni ya nini?"

Theodosia alieleza mia moja ishirini na nne na mia mbili na ishirini. Alieleza vizuri, kwa mikono, uso ukiwaka. Mzee Gama alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Nimekuelewa," alisema. "Lakini watu wakipita barabarani wakaona watoto wetu wamechimba mashimo na hakuna mbegu, watasema shule imerukwa na akili. Panda maharage. Yatakuwa ya shule, nitaandika. Kabla ya Pasaka. Usipopanda, hisabati ya darasa la tano atachukua Mwalimu Rupert, na mashimo yafukiwe."

Ilionekana kama huruma, na kwa Mzee Gama ilikuwa huruma. Theodosia mwenyewe mikono ilikuwa inamwasha tangu siku ya kwanza. Mwanamke wa kwao haachi tuta bila maharage. Lakini Jumatatu alipoliambia darasa, Daimu aliinua mkono.

"Mwalimu, tukipanda si litakuwa shamba?"

"Litakuwa shamba."

"Basi itabidi tupalilie."

"Na kuvuna," alisema mwingine.

"Na kumwagilia. Kaka yangu alimwagilia bustani ya shule mpaka akahama."

Hawakulalamika. Walisema hivyo kwa sauti ya watu wanaoagana. Jumatano yake waliohudhuria walikuwa arobaini na mmoja. Theodosia aliona majina yanavyoanza kuondoka moja moja kwenye safu, kuelekea Majengo. Asipopanda, angelipoteza darasa. Akipanda, lingempotea yeye akiwa amesimama mbele yake, kama lilivyokuwa limempotea kwa miaka kumi na saba.

Alituma salamu Mbinga kwa basi, kumwomba mama yake mbegu. Alituma na jibu la swali, nambari zote mbili zimeandikwa kwenye karatasi. Baada ya siku nne gunia dogo lilifika na ujumbe uliotamkwa na kondakta neno kwa neno: mama anasema alijua tangu zamani, ila hakujua kuwa ni nyingi kiasi hicho, na baba amekaa kimya tangu juzi.

Siku ya Alhamisi aliwaambia watoto, "Kupanda ni kazi yangu. Kupalilia ni kwangu. Nyie ni kupima tu. Mtu asishike jembe."

"Peke yako, Mwalimu?" aliuliza Renatha.

"Peke yangu."

Jumamosi ya kwanza alipanda matuta ya mashimo ishirini na tisa. Siyo kazi kubwa kwa mtu aliyezaliwa nayo: unapita juu ya tuta, kijembe kinafungua, mbegu inadondoka, unyayo unafunika. Kulikuwa na ukungu, na mteremko ulionekana hatua chache tu mbele, kwa hiyo kila tuta lilimjia kama linatengenezwa wakati ule ule anapolifikia. Alisema baadaye kwamba hakuna siku aliyofundisha vizuri kama siku ile, na hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Jumamosi ya pili, siku nane kabla ya Pasaka, Aurelia alipita barabara ya juu akielekea Majengo na furushi la mitumba kichwani. Alisimama. Alihesabu watu waliokuwa mteremkoni. Kisha akashuka, furushi kichwani vile vile.

"Habari za kazi, Mwalimu."

"Nzuri, Mama Renatha. Za biashara?"

"Tunaendelea. Watoto wako wapi?"

"Leo Jumamosi. Wako kwenu."

"Si ungewaita? Kamati imekuruhusu."

"Kamati imesema yapandwe. Haikusema nani apande."

Aurelia alitazama gauni la mwalimu. Lilikuwa na udongo mwekundu magotini.

"Na maharage utakula wewe?"

"Ya shule. Mzee Gama ameandika."

"Sasa wewe unapata nini?"

Theodosia alinyoosha mgongo, akafikiri. Alitaka kujibu sawasawa. "Jana walikuja arobaini na sita," alisema.

Aurelia aliteremsha furushi, akaliweka juu ya nyasi mbali na matuta. 

"Huyu Renatha amenisumbua," alisema. "Amepima kitanda. Amepima mlango. Wiki iliyopita anakuja gengeni, ananiambia, mama, hii meza yako kubwa ikatwe ziwe mbili ndogo, uziachanishe. Eti pembeni zitaongezeka, nguo nyingi zaidi zitaning'inia. Nikamwambia toka hapa, meza ni ile ile, itaongezekaje?"

"Ukaikata?"

"Nilimwita seremala Jumatano."

"Zikaongezeka?"

"Nguo tisa," alisema Aurelia. Alisema kwa hasira kidogo, kama mtu aliyeshindwa na mtoto wake. "Mimi ndiye niliyepeleka maneno kwa Mzee Gama."

"Najua. Renatha alinieleza."

"Ulijua, na unanisalimia?"

"Ulikuwa umefua sketi siku nne."

Aurelia aliguna, akakaribia kucheka. Alitazama matuta yaliyobaki, akatazama kijembe kimoja kilichokuwapo. "Maneno nimeyapeleka mwenyewe, nitakwenda kuyarudisha mwenyewe," alisema. "Leo hii, kabla sijafungua. Nitamwambia Mzee Gama nimekuja nimeona, na anayelima hapa siyo mtoto." Alijitwisha furushi, akapandisha mteremko akikanyaga kwa uangalifu juu ya matuta ambayo hayakuwa yamepandwa bado.

Theodosia alibaki na mashimo kumi na tisa. Aliyamaliza saa nane mchana, mvua ikiwa tayari imeanza upande wa Matogoro. Hisabati ya darasa la tano haikuhama. Jumatatu watoto walikuta matuta yamefunikwa, laini, yana alama za nyayo za mtu mmoja tangu juu hadi chini; wakakaa pembeni wakaanza kubishana ni hatua ngapi alizotembea.